Mrejesho: gari iliyomgonga mdogo wangu Fuoni, dereva kapatikana

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mwezi uliopita niliuliza hapa nianzie wapi: mdogo wangu kagongwa na gari akitoka skuli kwa baiskeli, barabara ya Fuoni, na dereva akakimbia.

Ahsanteni sana. Alhamdulillahi, dereva kapatikana.

Uliyenihimiza nikachukue PF3 polisi (ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) siku ile ile, Mungu akulipe, maana kila nilipokwenda baadaye niliulizwa hiyo kwanza. Kamera ya duka sikuiwahi. Nilikwenda siku ya nne, picha zimeshajifuta, na hilo bado linaniuma. Kilichosaidia ni kile kipande cha taa kilichobaki barabarani, mlichoniambia nisikitupe. Nilikipeleka kwa trafiki pamoja na muuza machungwa aliyeshika tarakimu mbili za namba. Wakazunguka kwa mafundi bodi mpaka wakaikuta gari inabadilishwa taa.

Dereva anasema aliogopa kupigwa na watu. Askari akamjibu mbele yangu: ukiogopa, unakwenda moja kwa moja kituo cha karibu unaripoti, kukimbia na kunyamaza ni kosa jengine juu ya lile la kugonga. Kesi imeshafunguliwa.

Fidia ya bima bado. Wanataka risiti zote za matibabu, na za wiki ya kwanza sikuziweka. Zenu mziweke tangu siku ya mwanzo.

Mtoto hajambo, wiki ijayo anafunguliwa plasta ya mguu.