Mjomba ana bastola na kadi yake, mimi nina nunchaku nimeshikiliwa kituoni. Naombeni ushauri

Mkanda_Kahawia

Habarini wakuu, naomba msaada maana nimechanganyikiwa.

Mimi nacheza karate mwaka wa sita huu, na mwaka jana mwalimu akatuanzishia kobudo, ile ya silaha: bo, sai, tonfa (rungu lenye mpini wa pembeni) na nunchaku (vijiti viwili vilivyounganishwa kwa mnyororo). Bo naiacha dojo (ukumbi wa mazoezi) coz ni fimbo ya karibu mita 1.8 huwezi kutembea nayo, hizo nyingine nabeba kwenye begi pamoja na gi, yaani nguo za mazoezi. Sasa wiki iliyopita natoka mazoezini usiku nikakutana na doria, begi likafunguliwa. Askari alivyozinyanyua zile nunchaku na ule mnyororo ukalia, sura ikabadilika palepale, akaniuliza hii ni ya kumpiga nani. Sai nilikuwa nimeziviringisha kwenye taulo chini kabisa, alipolifungua taulo akaona ile michuma ya ncha tatu nikajua leo imeisha. Akataka kibali, sina. Nimekaa kituoni mpaka saa nane usiku mwalimu alipokuja kunitoa, vifaa vimebaki kule.

Kesho yake nikaenda wanakotoa leseni za silaha, nikaambiwa sisi hapa ni bunduki na bastola tu, hicho chako hakina hata fomu. Sasa mjomba wangu anatembea na bastola kiunoni, akisimamishwa anatoa kadi dakika mbili kaondoka. Nifanye nini jamani?

Jiwe_Gumu

Pole mkuu. Ila kama hakuna fomu maana yake haidhibitiwi, yani ni ruksa. Rudi uwaambie wakurudishie vitu vyako, wamekuonea tu.

Dada_Mwanasheria

@Jiwe_Gumu hapo unampoteza mwenzio, na wengi wanaumia hapohapo. Kukosekana leseni sio ruhusa. Bunduki sheria inamuangalia mtu kwanza, wewe ni nani, una rekodi gani, unaitaka ya nini, utaihifadhi wapi, ukipita ndo unapewa karatasi. Silaha za sanaa ya mapigano nchi nyingi hazina huo mlango kabisa. Zinawekwa kwenye mafungu mawili tu, ama imepigwa marufuku moja kwa moja, ama unaruhusiwa kuwa nayo lakini ukiitoa nje uwe na sababu halali, na hiyo sababu unaijibu pale barabarani sio ofisini.

Chukua Uingereza. Sheria yao ya 1953 inasema ukiwa hadharani na kitu kilichotengenezwa, kilichorekebishwa au ulichokusudia kumdhuru mtu, bila sababu ya kueleweka, ni kosa. Alafu kuna orodha ya 1988 ya vitu ambavyo kuuza na kuingiza nchini hairuhusiwi, shuriken (zile nyota za kurusha) zimo, kusarigama (mundu wenye mnyororo) imo, manrikigusari (mnyororo wenye vyuma vizito mwishoni) imo. Nunchaku hazimo kwenye ile orodha! Lakini ukikutwa nazo mtaani bila maelezo ile ya 1953 bado inakushika. Na tangu 2021 hizo za kwenye orodha hata kuziweka ndani kwako ni kosa.

Panga ndo hivohivo. Ukiwa nalo shambani hakuna anayekuuliza, ukiwa nalo kwenye foleni ya basi saa tano usiku unalo la kujibu.

Swali langu kwako @Mkanda_Kahawia, askari alipokuuliza za nini ulimjibu nini hasa?

Mkanda_Kahawia

Nilimwambia ni za mazoezi, na pia usiku naweza kujilinda nazo.

Dada_Mwanasheria

Hapo mdogo wangu ndo ulipojifunga. Nusu ya kwanza ilikuwa kinga yako, nusu ya pili ndo kosa lenyewe. Sehemu nyingi ukisema umebeba kwa ajili ya kujilinda umeshakiri kwamba ulikusudia kukitumia kwa mtu, hata kama ni fimbo. Mjomba wako kama kibali chake ni cha kujilinda, hiyo sababu aliieleza mapema ikapimwa na mamlaka ikakubaliwa. Yako imepimwa na askari mmoja mwenye tochi.

Mzee_wa_Shabaha

Naomba niongezee kwa upande wa bunduki maana nina miaka mingi nayo. Kijana usiione hiyo kadi ukadhani ni wepesi. Mimi nimehojiwa, nimechunguzwa rekodi, wamekuja mpaka nyumbani kuangalia sefu imefungwa ukutani au imewekwa tu. Kibali kinaandikwa namba ya silaha yenyewe, siwezi kuazima ya rafiki yangu nikasema na mimi nina leseni, risasi nazo zina idadi yake, na muda ukiisha unarudi upya. Ukilewa nayo unanyang'anywa. Kwa hiyo mjomba wako anatoka dakika mbili kwa sababu ameshabanwa miezi kabla. Wewe hukubanwa kabla ndo maana unabanwa njiani.

Upanga_wa_Mbao

Mimi niko kwenye iaido, sanaa ya Kijapani ya kuchomoa upanga, naomba niwape ya Japani maana inaonyesha hii tofauti vizuri sana. Sheria ni moja, ya 1958, bunduki na panga zote zimo humo. Lakini bunduki kibali anapewa mtu, na anapitia darasa, mtihani wa kuandika, cheti cha daktari, kulenga shabaha. Upanga wa asili wenye bleidi ya kuanzia sentimita 15 unasajiliwa wenyewe kama kazi ya sanaa, kwa bodi ya elimu ya mkoa sio polisi, na ile karatasi inaufuata upanga popote unapokwenda, ukiununua una siku 20 za kutoa taarifa. Ndo maana wengi wetu tunafanya mazoezi na iaito, bleidi ya aloi isiyonoleka, haihitaji usajili. Ila hata hiyo nikiibeba iko ndani ya mfuko wake umefungwa kamba, siitoi mpaka nimefika.

Na jamani kuagiza mtandaoni muwe makini. Canada nunchaku ni silaha iliyokatazwa, Ujerumani pia, forodha hawatakuuliza una mkanda gani. New York walizikataza tangu 1974, mahakama ya shirikisho ikaja kuiondoa hiyo katazo Desemba 2018, miaka 44 hiyo, mtu anapata kesi kwa kitu kilichokuwa ndani kwake.

Jiwe_Gumu

Aisee nimejifunza, nafuta nilichosema. Kwa hiyo sasa afanyeje?

Dada_Mwanasheria

Kwanza usirudi kituoni peke yako kugombana. Nenda na mwalimu, mwende na barua ya klabu yenye muhuri, jina lako, siku na saa za mazoezi, aina ya vifaa na namba ya simu ya mwalimu. Omba orodha ya vilivyochukuliwa iandikwe kimoja kimoja na isainiwe, hata kama hawakurudishii siku hiyo. Kama kuna maelezo ulishasaini tafuta wakili ayasome kabla hujaongeza neno lingine. Na barua hiyo sio leseni, usije ukaitoa kama kadi ya mjomba, inasaidia tu maelezo yako yaaminike ukiwa unatoka mazoezini kweli. Ukiwa kwenye harusi na sai kwenye begi haikusaidii kitu.

Mzee_wa_Shabaha

Na mwambie mwalimu anunue kabati lenye kufuli viwe vinalala dojo. Nyumbani fanyeni na nunchaku za sponji, mkono unazoea vilevile.

Mkanda_Kahawia

Asanteni sana wakuu, dada nashukuru mno. Nimeongea na mwalimu sasa hivi, tunaenda Jumatatu asubuhi, barua anaandika leo. Kabati amesema wanafunzi tuchangie. Ile ya kujilinda siitamki tena.

Dada_Mwanasheria

Usiitamke, na usiibebe kwa sababu hiyo pia. Jumatatu ukitoka utujuze.