Kofia ya Viking isiyo na pembe: naomba ushauri wa ribiti

Wakuu, naombeni ushauri. Kazi ni kofia ya chuma ya jukwaani, ya Viking (mabaharia wapiganaji wa kale wa Skandinavia), kwa mfano wa ile ya Gjermundbu, Norwei, iliyopatikana 1943: vipande vinne, mkanda wa kuzunguka, mikanda inayokutana utosini, na kinga ya macho kama miwani. Pembe hazimo, zilienezwa na mavazi ya opera yaliyobuniwa na Carl Emil Doepler, Bayreuth, Ujerumani, 1876 (wateja huzidai hata hivyo!).

Bati ni milimita 1.5, ribiti (pini za kugonga za kuunganisha bati) zina unene wa milimita 4, tundu lake liko milimita 8 kutoka ukingoni. Likisogea karibu zaidi, ukingo unapasuka. Shida ni utosini, tabaka tatu: ribiti fupi haishiki, ndefu inapinda ikigongwa. Nipunguze mkanda kwa tupa, au? Kulehemu sitaki, kunaharibu sura.