Chuo Mtwara mjini: nywila ya mwanafunzi ni jina lake la ukoo, na liko ubaoni!

Wakuu, hili limepita kiasi.

Kuna chuo hapa Mtwara mjini, sikitaji, ambacho sera yake ya TEHAMA inamfungia nje mwanafunzi na kumwachia mwizi mlango wazi. Jina la kuingilia kwenye mfumo ni namba ya usajili. Nywila ya kuanzia ni jina la ukoo kwa herufi kubwa. Halafu matokeo yanabandikwa ubaoni yakiwa na jina kamili na namba! Yeyote anayepita anapiga picha kwa simu, anaingia: namba ya NIDA, namba ya simu, hadi akaunti ya benki inayopokea bumu.

Siku ya kwanza mfumo haukulazimishi kuibadili. Unakulazimisha kila baada ya siku 30, ndiyo maana watu wanaweka Mtwara@01, mwezi ujao Mtwara@02. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ulishasema tangu 2017: usibadilishe watu nywila kwa kalenda, badilisha pakiwa na dalili kwamba imevuja.

Ukikosea mara 3, akaunti inafungwa moja kwa moja. Kuifungua lazima ufike mwenyewe ofisi ya TEHAMA na kitambulisho, saa za kazi. Aliye fildi Tandahimba au Liwale afanyeje wakati dirisha la kusajili kozi linafungwa Ijumaa? Baya zaidi, mwenye picha ya ule ubao anaweza kufungia darasa zima kwa makusudi: nywila ya uongo mara 3 kwa kila namba, basi.

Dawa inajulikana. Nywila ya kuanzia izalishwe na mfumo, tofauti kwa kila mtu, itumwe kwa SMS na ife ikishatumika mara moja. Ya kudumu iwe na herufi 12 au zaidi. Ukikosea mara 10, subiri dakika 15, ifunguke yenyewe. Aliyesahau atumiwe tarakimu 6 kwenye simu yake. Kubadili namba ya simu ndiko kuhitaji kitambulisho, maana hapo ndipo mwizi atakapojaribu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, na chuo kinakusanya taarifa za watu kama taasisi nyingine yoyote. Msisingizie bajeti. Zile karatasi zibanduliwe kesho asubuhi, zibandikwe zenye namba tupu.