Chama kisichopeleka hesabu kinyimwe ruzuku?

Mwana-Ujiji: Wadau, Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inataka kila chama kimpelekee Msajili hesabu zilizokaguliwa na CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali), pamoja na orodha ya mali zake, kila mwaka. Kisichopeleka kikatiwe ruzuku, bila huruma. Hizo ni kodi zetu. Mnasemaje?

Dagaa wa Kibirizi: Zitto Kabwe alilisema hilo 2013 akiwa mwenyekiti wa PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali. Vyama 9, bilioni 67 na ushee za ruzuku hazijakaguliwa. Haukupita muda chama chake mwenyewe wakati huo, CHADEMA, kikamvua vyeo.

Gungu Juu: Alivuliwa kwa ajili ya ule waraka wa siri wa kubadili uongozi wa chama, usichanganye mafaili. Kila mada Kigoma lazima mumtie Zitto?

Dagaa wa Kibirizi: Ni mtoto wa hapa, nitamtaja. Kama jina linakukera, jibu hizo bilioni.

Mama Mwandiga: Mabilioni siyajui. Tawini kwetu tulichangishwa hela ya turubai na spika za mkutano. Katibu akaandika majina kwa penseli kwenye daftari la shule, stakabadhi hakuna. Baadaye tukaambiwa daftari halionekani. CAG atakagua nini hapo?

Gungu Juu: Mama, hiyo ndogo. Tuanze na mali. Uwanja wa Lake Tanganyika una chama, na viwanja vingi vya enzi ya chama kimoja walichangia wananchi wote.

Bangwe Kijani: Uwanja ni wa CCM, hilo halina mjadala. Fainali ya Simba na Yanga 2021 mlijazana pale, mbona hamkuuliza ni wa nani?

Mnyama Mwanga: Simba 1, Yanga 0, Lwanga! Kigoma haikulala siku ile.

Mwana-Ujiji: Jamani, turudi kwenye ruzuku.

Gungu Juu: Turudi wapi, hapa ndipo penyewe. Nilikata tiketi siku ile. Mgao wa mwenye uwanja uliandikwa kwenye hesabu zipi, na nani kazisoma?

Bangwe Kijani: Kelele nyingi. Ada ya chama chako umelipa lini?

Gungu Juu: Nimelipa, na stakabadhi ninayo. Wewe unayejitambulisha humu kama kiongozi wa kata, weka hapa mapato na matumizi ya mwaka jana tuyasome sote.