Mliowahi kupewa unyapara kwenye reli, tupeane uzoefu

Kijana wa Pasua: Wakuu, na shikamoo kwa wakubwa. Nipo gengi la njia, sisi wa kutunza reli, huku Moshi toka reli ilipofufuliwa 2019. Juzi bosi kaniita, nyapara wetu anastaafu, anataka nikaimu. Gengi ni hilihili, watu 12 tunaokula sufuria moja. Mmoja ni shemeji yangu. Nikubali?

Kokoto: Hilo neno "kukaimu" lisome mara mbili. Mimi nilikaimu miezi 14, posho yake nikaiona ndotoni. Dai barua kwanza.

Mama Kiboriloni: Barua. Mume wangu yalimkuta.

Babu wa Kahe: Umenikumbusha usiku mmoja wa masika. Nilikuwa na miezi mitatu tu ya unyapara. Kahe kulikuwa na manyunyu tu, lakini maji ya kule yanashushwa na mvua ya mlimani. Saa tano usiku nikatoka na tochi na kijana mmoja. Kalavati la tatu, tuta limekwenda na maji, reli na mataruma vinaning'inia kama ngazi. Na treni ya mzigo ilishatoka Same. Treni ya mzigo haishiki breki kama bodaboda, lazima mtu aifuate mbali. Goti langu bovu. Nikamkabidhi kijana taa nyekundu, nikamwambia kimbia. Alikuwa ameoa mwezi uliopita. Nilikaa pale kwenye tuta nikiwaza, dereva asipomwona huyu mtoto, mkewe nitamwambia nini?

Ilisimama. Asubuhi mkubwa akafika, swali la kwanza: "Jana ulilikagua hili kalavati? Sahihi yako iko wapi?" Nilikagua. Sikuandika kwenye daftari. Barua ya onyo ninayo hadi leo, nimeihifadhi pamoja na cheti cha ndoa.

Kokoto: Duh. Ilisimama mbali kiasi gani?

Mama Kiboriloni: Na kijana yuko wapi, mzee?

Mjuaji: Chai hii. Treni zilikufa miaka ya tisini, treni gani hiyo?

Babu wa Kahe: Iliyokufa ni ya abiria. Nimeandika ya MZIGO. Soma, mwanangu. Kijana anauza vipuri vya pikipiki Himo. Kila akiniona ananiuliza, "Mzee, taa hiyo inawaka?"

Mjuaji: Sawa, lakini mngepiga simu stesheni.

Kokoto: Enzi zile simu ya mfukoni unayo wewe?

Tengeru Juu: Turudi kwa kijana. Mimi nipo Arusha, nilikataa. Wakaleta msomi, kaja na vipimo vya SGR, ile reli mpya pana, kichwani, milimita 1,435, kwenye njia yetu ya mita moja. Nikamfundisha mimi, posho akala yeye. Chukua, ila daftari ulale nalo.

Mama Kiboriloni: Shemeji mwombee uhamisho.

Kokoto: Hapana, shemeji ndiye uanze kumkata mshahara siku asipotokea. Wengine watanyooka wenyewe.

Tengeru Juu: Halafu akalale kwako?

Kijana wa Pasua: Asanteni wakuu, barua nitadai kesho. Tatizo shemeji naye yumo humu. Kanipigia sasa hivi anauliza nani kasema huwa hatokei kazini.