Mrejesho: baiskeli mbili nyuma ya gari la kulala

Wadau, niliuliza kama baiskeli zetu mbili za umeme tuziweke ndani ya gari letu la kulala au tuzifunge nyuma. Wengi mlisema nyuma, nami nikatii.

Aliyenionya kuhusu uzito, asante sana. Kila moja ina kilo 25, na keria (fremu ya kubebea baiskeli) ya mlango wa nyuma ilikuwa na kikomo cha kilo 35 tu! Nikaiacha, nikachukua ya kufunga kwenye ndoano ya tela. Betri nazitoa na kuziweka ndani, mzigo unapungua kilo kadhaa.

Kosa langu: siku ya kwanza nilizifunika turubai. Kwenye mwendo likajaa upepo kama tanga, mikanda ikalegea. Sasa turubai ni la kuegeshea tu. Pia pedeli ya moja ilikwangua fremu ya mwenzake hadi rangi ikatoka; mke wangu bado ananikumbusha. Nimeigeuza na kuweka kipande cha sponji katikati.

Namba ya gari na taa za nyuma zilizibwa na baiskeli, ikabidi nifunge ubao wenye taa zake. Mlango wa nyuma haufunguki keria ikiwa wima, hivyo vyombo vya kupikia vimehamia mlango wa pembeni.