Kinara wa ODM achaguliwe na nani: wajumbe, wabunge, au sisi wenye kadi?

Mvita Asili
Tangu Baba, Raila Odinga, kinara wa chama chetu cha ODM, atutoke Oktoba 2025 na Seneta Oburu Oginga kushika usukani, kila baraza kuanzia Makadara hadi Mikindani lina kinara wake wa ODM. Wengine wasema ni zamu ya Pwani, maana Gavana wetu Abdulswamad tayari ni naibu kinara. Sawa. Lakini swali langu ni hili: kura ya kinara apige nani? Wajumbe wanaopakiwa mabasi, wabunge wa chama, au kila mwenye kadi? Na mbunge aliyekwenda kinyume na chama kule bungeni, naye awe na kura? Tusemezane, matusi tuyaache nje.

Wakili wa Baraza
Kila mwenye kadi haiwezekani, Mvita. 2021 watu walifungua tovuti ya Msajili wa Vyama wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hata jina hawajapata kulisikia. Sajili kama hiyo ndiyo mtakayoitegemea? Wajumbe wana kasoro zao, ila wanajulikana. Kasarani, 1 Septemba 2007, wajumbe wakichagua mgombea urais wa chama: Raila 2,656, Mudavadi 391, Ruto 368. Balala wetu alikuwa mgombea pia, akajiondoa akamuunga mkono Raila. Hesabu ikasomwa, watu wakarudi makwao.

Kondakta Mstaafu
Wakili, hiyo Kasarani moja umeikumbuka, ya Februari 2014 umeiruka. Wanaume wa suti nyeusi waliingia wakapindua masanduku ya kura, uchaguzi wa viongozi wa chama ukavunjikia pale pale.

Na hilo la wajumbe kujulikana, niulize mimi. Nimewahi kubeba wajumbe wa chama kimoja, sikitaji. Mwembe Tayari, saa nne usiku, jamaa kasimama mlangoni mwa basi anasoma majina kwa tochi ya simu. Jina likiitwa mara mbili bila mwenyewe kuitika, mara ya tatu anaitika yeyote aliye karibu na mlango. Wakapanda. Tuliposimama Voi kwa chai, kila mtu akapewa kikaratasi chenye jina moja. Mama mmoja akauliza, "Huyu ndiye nani?" Akaambiwa, "Ndiye." Sehemu ya malipo yangu sijaiona mpaka leo.

Mpwani Ughaibuni
Salaam kutoka Leicester. Huku Uingereza chama cha Conservative huchanganya yote mawili: wabunge wanachuja mpaka wabaki wawili, halafu wanachama wanachagua. 2022 wabunge walimpa Sunak 137 na Truss 113. Wanachama wakageuza meza, Truss akashinda kwa asilimia 57. Hakufikisha miezi miwili madarakani. Alichaguliwa na watu wasiokaa bungeni, akaenda kuongoza wabunge ambao wengi wao hawakumtaka. Ndiyo maana nasema wabunge wapewe uzito. Kinara asiye na wabunge nyuma yake ni jina tu kwenye bango.

Kipusa wa Kuze
Kaka yangu, sisi twaongea ya Mvita, wewe watuletea ya Leicester. Huko kuna baridi, rudi tule viazi karai.

Shangazi wa Bamburi
Mimi mwanangu wa Ughaibuni namuelewa, ila kuna jambo amelipita. Kura ya chama ni ya siri. Kura ya bungeni, ikipigwa mmoja mmoja, jina la mbunge hubaki kwenye kumbukumbu. Mkimpa mbunge nguvu ya kuchagua kinara ndani ya kisanduku, hamtajua kamwe alimchagua nani na kwa nini. Wakipiga kwa uwazi, watamuogopa kinara aliyepo. Mwataka ipi?

Mbara Mzawa
Mimi nimezaliwa Changamwe na nitasema. Watu wa Mombasa mnagombania kinara na siku ya kura mko barazani na muguka, ile miraa ya majani, shavuni. 2022 kaunti hii ilishika mkia nchi nzima kwa kujitokeza, asilimia 43 na kitu. Nchi nzima ilikuwa kama 65. Sasa mpewe chama mkifanyie nini? Mkilaze?

Kipusa wa Kuze
Umeanza! Nilijua kuna mmoja atakuja na usingizi wa Wapwani. Wewe ulozaliwa Changamwe, maji ya Changamwe ukanywa, leo watutukana. Muguka walimwa wapi? Makadara? Yatoka Embu kwa gari usiku usiku, yaja kumalizia watoto wetu, halafu mwaja kutucheka kwa kuwa wayatafuna!

Mbara Mzawa
Nani amewafungua midomo kwa nguvu, dada?

Baba Watoto Kisauni
Wewe Mbara usiseme hivyo. Mimi nina kijana. Alikuwa anaendesha tuktuk vizuri, saa hizi shavu limevimba kutwa, bigijii na njugu mfukoni, usiku halali, asubuhi haamki. Tuktuk imerudishwa kwa mwenyewe. Usicheze na jambo hilo.

Mbara Mzawa
Pole mzee. Hilo sikulisema kwa kijana wako.

Wakili wa Baraza
Turudi kwenye hoja. Mswada wa Fedha 2024 ulipita kwa kura 204, wakiwemo wenye tiketi ya chungwa. Hao ndio mtawapa uzito wa kuchagua kinara?

Shangazi wa Bamburi
204 ilikuwa ya usomaji wa pili, Wakili, dhidi ya 115. Ile ya 25 Juni, siku vijana walipoingia bungeni, ilikuwa 195 kwa 106. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini.

Wakili wa Baraza
Ahsante Shangazi. Bado hoja ni ile ile.

Kipusa wa Kuze
Hoja ni muguka. Gavana alipiga marufuku Mei 2024, kuingiza, kuuza, kutafuna. Siku chache tu mahakama ya Embu ikaisimamisha amri. Ya Embu! Jaji wa kule kwenye shamba ndiye aamue ya Mombasa. Na Ikulu ikasema marufuku ni batili kwa sababu mmea umo kwenye sheria.

Shangazi wa Bamburi
Basi hapo hapo, Kipusa, ndipo nataka ufike. Ikulu ilitaja sheria ya mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023. Kanuni hizo zilipita Bunge na Seneti. Wabunge wa Pwani walikuwa wamo ndani. Walisema nini siku ile? Nani anayo kumbukumbu atuwekee? Viongozi wa Embu walipoguswa walipiga kelele pamoja, wa chama hiki na wa chama kile. Wetu wanapoguswa kila mmoja ana safari yake.

Mbara Mzawa
Sasa Shangazi ndiye anayeongea. Mbunge anapiga kura kufuatana na aliyempa tiketi, si aliyempa kura.

Kipusa wa Kuze
Wewe usijifanye kukubaliana na watu. Uombe radhi kwanza.

Mbara Mzawa
Kwa nini? Kwa asilimia 43? Hiyo ni hesabu ya IEBC, tume ya uchaguzi, si yangu.

Kondakta Mstaafu
Hata hiyo asilimia muiseme yote. 2022 kura ya ugavana Mombasa iliahirishwa ghafla kwa sababu karatasi zilichanganywa, ikapigwa 29 Agosti. Watu wengi walipoteza hamu. Mtu wa Likoni avuke feri, apange foleni, akifika aambiwe kura yako ya gavana haipo leo. Usimwite mvivu.

Mbara Mzawa
Kakamega pia iliahirishwa, na haikushika mkia.

Mvita Asili
Jamani. Kinara.

Bandarini Kila Siku
Kinara gani? Mimi niwaulize nyinyi wa chungwa. Mizigo ilipolazimishwa kupanda reli kwenda Nairobi, madereva na mawakala wakaandamana hapa. Chama kilikuwa kimeshashikana mikono na serikali ile ya Uhuru. Aliyetangaza mizigo itolewe Mombasa tena ni Ruto, 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake. Mtu wa chama cha UDA. Mombasa tuliwapigia ODM, bandari ikarudishwa na wengine. Hilo hamlijadili.

Wakili wa Baraza
Usisahau aliyekuwa naibu wa rais wakati mizigo inaondolewa.

Bandarini Kila Siku
Sijasahau. Ila uliza mizigo inatolewa wapi leo.

Mpwani Ughaibuni
Samahani kurudi nyuma. Kuhusu wabunge waasi, ODM yenyewe ilishajijibu. Septemba 2023 iliwafukuza watano kwa kushirikiana na Ruto: Ochanda, Elisha Odhiambo, Caroli Omondi, Jalang'o, na Seneta Ojienda. Haujapita mwaka, wakubwa wa chama wakaapishwa mawaziri wa Ruto: Joho madini, Mbadi fedha, Oparanya ushirika, Wandayi kawi. Machi 2025 mkataba na UDA ukatiwa saini ukumbi wa KICC, Nairobi. Sasa muasi ni nani? Aliyefukuzwa alikosea njia au alikosea saa?

Wakili wa Baraza
Ughaibuni, hilo la leo limenikata kalamu. Ila nakupinga kidogo. Mkataba ulitiwa saini na kinara. Wale watano walikwenda peke yao.

Mpwani Ughaibuni
Ndiyo ninachosema. Kumbe kosa si kupiga kura na serikali. Kosa ni kupiga bila ruhusa ya kinara. Basi kumchagua kinara ni kuchagua wabunge wote watapigaje kura miaka mitano. Na kazi hiyo tunamwachia mtu aliyeitikia jina la mwenzake mlangoni mwa basi.

Kipusa wa Kuze
Hilo nakubali, na sikutaka kukubali. Lakini Mbara hajaomba radhi.

Baba Watoto Kisauni
Muache, Kipusa. Ameshasema pole.

Kipusa wa Kuze
Pole alikwambia wewe. Mombasa haijaambiwa kitu. Haya Mbara, mimi nimejiandikisha, Agosti 2027 niko kwenye foleni kabla ya adhana ya alfajiri. Wewe unayetuhesabia asilimia, wapigia kura kituo gani? Sema jina la shule.

Mbara Mzawa
Hayo ni mambo yangu.

Kipusa wa Kuze
Shule gani?

Mbara Mzawa
Vihiga.

Kondakta Mstaafu
Allahu akbar.

Kipusa wa Kuze
Mwaona? Mwaona wenyewe? Changamwe azaliwa, Changamwe apanga, takataka zake zaokotwa na kaunti hii, kura apeleka Vihiga, halafu sisi ndio twalala!

Mbara Mzawa
Shamba la babangu liko kule, nina haki. Na 2022 nilisafiri kwa nauli yangu nikapiga. Nyinyi kituo kilikuwa hatua kumi kutoka msikitini na hamkwenda.

Bandarini Kila Siku
Kwa hiyo mbunge wako ni wa Vihiga, lakini wa Changamwe ndiye unayemtukana.

Mbara Mzawa
Sijamtukana mbunge yeyote hapa, soma tena.

Mvita Asili
Nimeuliza mambo mawili tangu asubuhi, Shangazi peke yake ndiye aliyejibu moja, kwa swali. Narudia swali lake kwa mara ya mwisho: kura ya siri au ya wazi? Na kama kuna mtu anamjua mjumbe wa ODM wa wadi ya Tudor anitajie cheo chake tu, si jina, nimeuliza watu wanne na kila mmoja amenielekeza kwa mwenziwe.

Kipusa wa Kuze
Ya wazi. Na Vihiga wasihesabiwe.